Jirani Mwenye Kibali cha Kanga

Kwa Afisa Wanyamapori,
Ofisi ya juu, mlango unaobana.

Ndugu Afisa,

KUHUSU: OMBI LA MIMI NA FAMILIA YANGU KUHESABIWA MIONGONI MWA WANYAMA WANAOLINDWA

Nakuandikia nikiwa mzima, jambo ambalo kwa mtu anayeishi ninapoishi mimi si la kulitegemea. Naandikia kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, na meza nimeisogeza mbali na dirisha. Ukiona mwandiko unakwenda upande, ujue ni giza la pembeni, si haraka wala hasira. Hasira sina. Nilikuwa nayo mwanzoni, lakini imechoka ikaenda kukaa.

Kwanza nijitambulishe. Mimi ni fundi cherehani. Nyumba yetu ni ya mwisho katika mtaa wetu. Nyuma yake kuna shamba langu dogo la maharage, kisha bonde lenye matete na kijito. Ng'ambo ya kijito ndiko sheria yako inakoruhusu watu kuwinda. Naishi na mume wangu, mpima ardhi, pamoja na mama yake mzazi. Huyu mama mkwe wangu ni mkunga mstaafu. Amewapokea duniani watu wengi wa mtaa huu, na mpaka leo anawakemea barabarani kama vile hawajakatwa kitovu.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni kinyozi mstaafu aliyefiwa na mkewe zamani. Mtaa umempa jina la Shabaha, na yeye, kwa kuwa ni mtu mwema asiyemdhania mwenzake mabaya, anaamini ni sifa. Aliacha kunyoa macho yalipoanza kufifia, siku alipomwondolea Mwenyekiti wetu wa mtaa unyusi mzima akidhani ni ndevu zilizopotea njia. Tangu siku hiyo Mwenyekiti ana uso wa mtu anayeshangaa nusu nusu. Shabaha aliona aibu, akaweka mashine zake kabatini, akasema mikono na macho yake havifai tena kukaribia kichwa cha binadamu.

Ndugu Afisa, ni mtu huyohuyo ambaye ofisi yako ilimpa kibali cha kuwinda.

Bunduki aliirithi kwa marehemu kaka yake: bunduki ya marisau, yaani virisasi vidogo vinavyotawanyika kama punje za mtama, na ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, "haihitaji kulenga sana, inajitafutia." Kipimo cha macho alikipita hapohapo ofisini kwako. Alitusimulia kwa furaha jinsi mtu aliyemtangulia alivyosoma herufi za ukutani kwa sauti kubwa, naye zamu yake ilipofika akazisema zilezile kwa mpangilio uleule. Karani akamsifu. Kweli, masikio yake hayana kasoro, na kama kungekuwa na kibali cha kusikiliza wanyama, ningekuwa wa kwanza kumwombea.

Sasa niingie kwenye malalamiko yenyewe.

1. Kanga.

Kibali mlichompa kinasema, kwa herufi kubwa na muhuri wa ofisi yako, kwamba mwenye nacho anaruhusiwa kupiga kanga. Hakisemi kanga gani. Asubuhi moja nilianika kanga yangu niipendayo, ya rangi ya kijivu yenye madoadoa meupe, iliyoandikwa SINA UGOMVI NA JIRANI. Upepo ukaiinua kidogo. Shabaha, aliyekuwa barazani kwake na kandambili miguuni, akaona madoadoa yakiruka, akapiga.

Kanga ilirushwa mpaka kwenye maharage. Marisau yalikuwa yamepita kwenye maandishi na kuondoka na herufi mbili za mwanzo, kwa hiyo sasa inasomeka NA UGOMVI NA JIRANI. Nilijifunga nayo siku moja tu kwenda dukani. Wanawake walinipisha kwenye foleni, na mmoja akaninong'oneza, "Shoga, umefanya vizuri kuyasema."

Tulikwenda kwa Mwenyekiti. Alimwuliza Shabaha, "Kibali kinasema upige nini?"

"Kanga, Mwenyekiti."

"Na umepiga nini?"

"Kanga, Mwenyekiti."

Mwenyekiti akanigeukia na ule uso wake wa kushangaa nusu. "Mama, ile ilikuwa nini?"

Kwa kuwa sikulelewa kusema uongo, nilisema ilikuwa kanga. Kesi ikaisha. Shabaha alinisindikiza mpaka nyumbani akiniomba radhi njia nzima. Alipofika barazani kwetu akamwomba radhi na mama mkwe wangu, ambaye kanga haikuwa yake. Akaombwa aketi, akaketi.

2. Marehemu koti.

Nina sanamu ya kuvalishia nguo, haina kichwa wala mikono, ila kwa kazi yangu ni mtu muhimu kuliko watu wengi wenye vichwa. Niliivalisha suti ya kahawia ya bwana harusi mmoja, nikaitoa barazani ipate hewa baada ya kupigwa pasi. Jua lilikuwa linazama. Shabaha akaona kitu cha kahawia kimesimama kimya, hakitingishiki, kinasikiliza. Akajua ni swala.

Naomba utambue mambo mawili hapa. Swala hayumo kwenye kibali chake. Kwa hiyo alivunja sheria kwa kumpiga mnyama asiyeruhusiwa, ambaye hakuwa mnyama, kwenye baraza ambayo si pori. Sijui ofisi yako inalihesabu hilo kosa moja au inalipunguza mpaka liishe. La pili ni kwamba alimpiga mgongoni, na nasikia kwa wawindaji wa kweli hiyo ni aibu.

Alikuja mbio, kofia mkononi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kando ya sanamu, sindano mdomoni, siwezi kusema. Akanipita, akaenda kwa mama mkwe.

"Mama Mkunga, nimeua koti."

"Limekufa kabisa?"

"Sijui. Sijalisogelea."

"Basi kaa unywe chai kwanza."

Alikunywa chai mpaka taa za barabarani zikawaka. Mimi nilishona. Yale matundu madogo yaliyonishinda niliyazungushia uzi wa hariri, nikamwambia bwana harusi ni ya kupitishia hewa, na kweli yanaipitisha. Alifurahi mno. Sasa wapambe wake wote wanataka za namna hiyo, na nimeshindwa kuwaeleza kwamba fundi wa hatua ile ya mwisho simwajiri mimi.

3. Vitanzi.

Alipoona risasi hazimletei kitu, Shabaha aligeukia mitego. Alinunua waya, akafunga vitanzi kwenye vijia vyote vinavyoshuka bondeni. Sungura wa bondeni, ambao wana akili, waliacha kupita kwenye vijia. Wanaopita kwenye vijia ni sisi.

Mume wangu alikuwa akishuka kwenda kazini, kamba ya kupimia begani na vigingi kwapani, akakanyaga kitanzi. Kikamvuta mguu, akaenda chini na vigingi vyake vyote, akalala kwenye tope akitazama mawingu. Matete yakafunguka. Shabaha akatokea anaruka kwa furaha, "Nimempata! Nimempata!" Alipoona ni nani, furaha ilimtoka usoni wazi kabisa. Mume wangu anasema kuumia mguu alivumilia, lakini kule kutazamwa na mtu anayesikitika kwamba wewe si sungura, hilo bado linamkaa moyoni.

Mguu ulivimba. Mama mkwe aliufunga bendeji, kisha akavaa viatu vyake vya kazi, vile alivyokuwa akivaa wodini, akaenda kugonga kwa jirani. Tulimsikia kupitia ukutani.

"Toka. Twende ukavitoe vyote, nikikuona kwa macho yangu."

"Nitavitoa kesho, Mkunga."

"Kesho mwanangu mwingine atavunjika shingo. Toka."

Walishuka bondeni asubuhi ileile. Kazi ya kutoa vitanzi vichache vya waya, ambayo mtu mmoja angeimaliza kabla ya chai, iliwachukua siku nzima. Walirudi jioni na vitanzi, na mapera ya porini kwenye kofia ya Shabaha, na mama mkwe ana jani kwenye nywele. Ndugu Afisa, naweka mbele yako mateso haya: mwanamke wa umri ule, aliyestaafu kwa heshima, analazimika kutembea bondeni siku nzima kumsimamia mtu mzima. Na akirudi amechoka kiasi kwamba anaimba jikoni.

4. Mbwa.

Mbwa wake wa kuwindia anaogopa mlio wa bunduki. Ukisikika tu, anaruka ukuta na kujificha chini ya cherehani yangu, juu ya pedali. Nina suruali tatu za shule hapa ambazo mguu mmoja unafika kwenye kiatu na mwingine unaishia gotini. Naweza kukuletea ukizihitaji kama ushahidi.

5. Namba hii nimeiacha wazi kwa jambo litakalotokea kabla sijamaliza kuandika. Nina uzoefu.

Kabla sijafika kwenye la sita, niseme kidogo kuhusu utafiti wa mume wangu. Alipokuwa amelala kitandani na mguu juu ya mto, alichora ramani ya mtaa wetu, kama anavyochora viwanja vya watu, akaweka alama kila mahali ambapo marisau ya Shabaha yameshatua. Kuna alama kwenye tangi letu la maji, kwenye dishi la televisheni, kwenye kibao cha zahanati, na kwenye kengele ya shule ya awali, ambayo siku hiyo ililia watoto wakaenda nyumbani mapema. Kisha akaweka alama nyekundu mahali ambapo wale kanga wenyewe walikuwa wamesimama kila mara. Hakuna hata mahali pamoja ambapo alama hizo mbili zilikutana.

Ramani hiyo inaonyesha jambo la kisayansi: mahali salama kuliko pote hapa mtaani ni pale bunduki inapoelekezwa. Kanga walishaligundua hili siku nyingi. Wakimwona Shabaha anatoka na bunduki, wao hukimbilia mbele yake, wakasimama pamoja, wakajikuna. Sisi wengine, ambao hatujui ameelekeza wapi mpaka ameshapiga, ndio tunaoishi kwa hofu. Mume wangu alipendekeza tuwe tunakunywa chai ya asubuhi bondeni katikati ya kanga. Tulijaribu. Kanga hawakutupenda.

6. Kofia.

Hapa, Ndugu Afisa, naomba uniruhusu nisitanie kidogo.

Jana asubuhi nilikuwa shambani nachuma maharage. Nilikuwa nimeinama, kofia yangu ya majani kichwani, na sikumwona mtu. Nikasikia mlio, na kofia ikanitoka. Haikuanguka, ilinitoka, kama mtu aliyekuja nyuma akainyakua. Niliketi palepale kwenye mstari wa maharage. Nilijishika kichwani, nikautazama mkono, haukuwa na damu, nikajishika tena. Nilikuwa nawaza mambo ya kijinga: kwamba kuna gauni la mtu halijatiwa pindo, kwamba sikumwambia mume wangu ufunguo wa stoo uko wapi.

Shabaha alikuwa amesimama ukutani, bunduki bado iko juu, anauliza kwa sauti, "Nimekosa?"

Mama mkwe wangu alitoka jikoni. Sijawahi kumwona akikimbia na jana pia hakukimbia. Alivuka ule ukuta, sijui kwa namna gani, akaichukua bunduki mikononi mwake kama anavyomnyang'anya mtoto kisu, akaifungua, akatoa risasi iliyobaki, akaitia kwenye mfuko wa aproni.

"Unajua ulichokuwa unakipiga?"

"Kanga. Alikuwa kwenye maharage, anadonoa."

"Alikuwa mkwe wangu."

Nilikuwa naona kila kitu kutoka pale chini. Uso wa yule mzee ulibadilika rangi. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akajifunika macho kwa viganja, akalia. Alilia kwa sauti, kama mtu asiyejali nani anamsikia. Alisema haoni, kwamba haoni kabisa vitu vya mbali, ni rangi tu zinazotembea. Alisema tangu aache kunyoa hakuna mtu anayegonga mlango wake wala kukaa kwenye kiti chake, na kwamba ukitoka na bunduki watu angalau wanakuita jina. Mama mkwe alimsogelea. Alimwekea mkono begani akasimama hivyo, bunduki kwapani.

Mimi nilikuja kuinuliwa baadaye, mtu alipokumbuka kwamba aliyepigwa ni mimi.

Kutokana na hayo yote, naleta maombi yafuatayo, na naamini utayaona ni ya kiasi.

Nimesoma tangazo lililobandikwa nje ya mlango wako. Linasema swala asipigwe wakati wa kuzaa. Linasema korongo asipigwe kabisa. Linasema hata kobe, ambaye hafanyi kazi yoyote, akipigwa kuna adhabu kali. Nilitafuta fundi cherehani kwenye orodha hiyo sikumwona. Nilitafuta mpima ardhi. Nilitafuta mkunga. Kwa hali ilivyo, kobe wa bonde letu ana ulinzi kuliko familia yangu, na hali yeye ana gamba.

Kwa hiyo naomba, kwanza, familia yangu iandikishwe kuwa wanyama wanaolindwa. Hatuna masharti makubwa. Tuko tayari kuvishwa alama sikioni kama itasaidia kazi yenu. Kama orodha imejaa, naomba basi tupewe msimu: miezi fulani turuhusiwe kupigwa, na miezi mingine tuachwe tushone na kupima kwa amani. Kama na hilo ni gumu, naomba ofisi yako itutenge kabisa. Uzungushiwe ukuta mtaa wetu, uwekwe mlinzi na geti, watalii waje watutazame tukianika nguo kwa uangalifu. Na kama hata hilo halina bajeti, basi nilete ombi dogo kuliko yote, ambalo pengine ningeanza nalo: achukuliwe bunduki, apimwe macho na mtu ambaye atamfunika masikio.

5. (Nimerudi kwenye namba tano.)

Nilikuwa nimeanza kuandika salamu za mwisho niliposikia mlio. Nilikwenda chini ya meza, mbwa alikuwa ameshafika kabla yangu. Nilipoona hakuna kilichovunjika, nilitoka mpaka mwisho wa maharage nikatazama.

Mlio ulitoka ng'ambo ya kijito, mahali haswa sheria inaporuhusu. Walikuwa wawili, wamezipa nyumba zetu mgongo. Shabaha alikuwa amefumba macho, ameinamisha kichwa, anasikiliza, kisha akanyoosha kidole kwenye matete upande wa kushoto. "Wawili," nilimsikia. "Mmoja anakuja." Mama mkwe wangu alikuwa amepiga goti kwenye nyasi kwa gauni lake la kutokea, bunduki begani, mkono umetulia kama umewekwa kwenye meza. Kanga akaruka. Mama akapiga. Kanga akaanguka.

Sijui nani alishangaa zaidi. Kanga wengine walisimama wakatazamana. Nadhani walihisi wamevunjiwa makubaliano.

Ndugu Afisa, hili ni kosa jipya na zito. Kibali ni cha Shabaha, si cha mama mkwe. Naomba mwenye bunduki achukuliwe hatua kwa kumpa silaha mtu asiyeruhusiwa, hata kama mtu huyo amepata kwa mara ya kwanza, na hata kama ndiye mtu wa kwanza tangu kibali kitolewe kupiga kitu kilichoandikwa ndani yake.

Nakushukuru kwa muda wako. Nisalimie karani wako aliyeniambia mara zote nilipokuja kwamba uko porini, na ambaye kupitia mlango uliobana nilikuwa nasikia akikuuliza kama chai iongezwe sukari. Wasalimie mama watoto na watoto, na huyo swala ambaye kichwa chake mmekitundika ukutani, anayeshikilia mwavuli wa mtu, mwambie tunamwelewa. Mume wangu anakusalimia kwa mguu ulio mzima.

Ni mimi, mwenye kutaraji kuwa hai jibu lako likifika,

Fundi Cherehani,
nyumba ya mwisho kabla ya bonde.

Nyongeza:

Barua ilikuwa imeshatiwa kwenye bahasha, imenibidi niifungue tena kwa mvuke wa birika.

Jana jioni Shabaha alikuja sebuleni kwetu kwa kupitia mlango wa mbele, kitu ambacho huwa hakifanyi, amevaa shati lililopigwa pasi upande mmoja. Mama mkwe alikuwa amekaa, anamenya viazi, hatazami mtu. Mzee akasimama mbele ya mume wangu, ambaye ana mvi zake mwenyewe, akasema, "Kijana, nimekuja kukuomba mama yako."

Mume wangu alitazama mguu wake. Kisha akauliza, "Vitanzi vimetoka vyote?"

"Vyote. Aliviona mwenyewe."

"Basi mimi sina neno."

Mimi nilikuwa na maneno mengi, nikamgeukia mama nikamwuliza kwa adabu kama amefikiria vizuri. Alitupa kiazi kwenye sufuria. "Mwanangu," akaniambia, "kila mtu mtaani hapa nilimpokea akiwa uchi, analia. Huyu peke yake ndiye niliyemkuta amevaa."

"Lakini juzi alilia, mama."

"Juzi alilia akiwa amevaa. Ni tofauti."

Wameshapanga. Bunduki itakaa kwenye kabati la mama, risasi zitakaa kwenye mfuko wa aproni yake, na hakuna atakayepiga kitu upande huu wa kijito. Mzee atasikiliza, mama atapiga. Wiki ijayo nitampeleka mimi mwenyewe kwenye miwani, naye amekubali, mradi nisimsimulie daktari habari za herufi za ukutani. Mashine zake za kunyolea ametoa kabatini, amezipaka mafuta. Mama anamshikia kichwa cha mteja na kumwelekeza mkono, na mteja wa kwanza alikuwa mume wangu. Ametoka na nyusi zote mbili. Kanga aliyepigwa juzi tumemla, na nyama yake, nisikufiche, ilikuwa laini sana.

Kwa sababu hiyo, Ndugu Afisa, naomba upitie barua hii na kalamu, na kila nilipoandika "jirani" ufute, uandike "baba". Ukishafanya hivyo utaona mwenyewe kwamba hakuna lalamiko lililobaki. Baba amepiga nguo za mkwewe. Hayo ni mambo ya nyumbani. Baba alimtega mwanawe, watu huchezeana. Sidhani ofisi ya serikali ingependa kuingia kati ya mzee na watoto wake kwa sababu ya kofia.

Badala yake naleta ombi moja tu. Kibali cha baba kinaisha mwezi ujao. Naomba kipya kitoke mapema na kiandikwe jina la mama, na mahali paliposema kanga paongezwe neno "ndege", ili tusirudi tena kwa Mwenyekiti. Najua kuna foleni, lakini nimesikia watu wanaofahamiana na ofisi hawapangi, na mimi na wewe, kwa urefu wa barua hii, sasa tunafahamiana.

Na kama kuna mtu mwingine wa mtaa wetu ameshaleta malalamiko kuhusu baba, naomba umrudishe kwa upole, umwambie ni vizuri kwanza azungumze na familia.